Anayeishi na Fundi

Mlango wa Mama Pindo haukuvunjwa, na hilo ndilo lililowakera watu asubuhi ile. Ungevunjwa, wangewalaani wezi, wangempa pole, kisha kila mtu angerudi kunawa uso aende zake kazini. Lakini kitasa kilikuwa kizima, mlango umefungwa sawasawa, na ndani ya chumba ile mashine yake ya ovaloki, ya kushonea kingo za nguo, haikuwepo, wala bunda la vitambaa vya wateja. Mwizi aliingia, akabeba, akafunga mlango nyuma yake kama mtu anayetoka kwake.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa pindo zake, maana suruali aliyoipinda yeye ilichakaa yote ikabaki pindo. Chumba hicho alikipanga kiwe karakana tu. Kulala alilala kwa dada yake, mtaa wa pili, na kila asubuhi alikuja na chupa yake ya chai akafungua kazi. Siku hiyo chupa ya chai ilikuwa bado mkononi mwake, hajui aiweke wapi.

"Mwizi mwenye adabu," alisema mpangaji mmoja, na wenzake wakacheka kwa pua.

Kisha, bila mtu kumwambia mwenzake, macho yakahamia mlango wa upande wa pili wa ua, alikosimama Fundi na mswaki mdomoni. Huyu alikuwa akichonga funguo pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miezi kadhaa Jumamosi zake zote zilikuwa zimeishia kwenye mafunzo ya Chama cha Mafundi Kufuli. Alikuwa akifundishwa, kama alivyojisifu mwenyewe pale bombani, kufungua mlango wowote bila ufunguo. Mtu mzima na akili zake, anajisifu jambo kama hilo kwenye ua uliojaa wapangaji. Sasa maneno yake yalikuwa yanamrudia.

Fundi alitema povu, akasogea. "Pole sana, Mama Pindo. Hebu nikitazame hicho kitasa. Kama kimechokonolewa nitajua mara moja."

"Usikiguse."

"Nataka kukusaidia."

"Nisaidie kwa kusimama hapo hapo ulipo." Mama Pindo hakupandisha sauti. "Nakwenda kwa Katibu wa chama chenu. Alete mtu wake akifungue, aniambie. Wewe kaa mbali nacho, mtu asije akasema umefuta alama."

"Kwa hiyo unanitaja mimi?"

"Sijamtaja mtu."

"Umenitazama."

"Macho ni yangu, Fundi. Ulitaka nitazame wapi?"

Fundi akaweka mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekamatwa na kosa. Mkewe, aliyechelewa kutoka siku hiyo, alikuwa kizingitini na beseni la nguo, na hakusema neno. Mke ambaye mumewe anavuliwa nguo mbele ya watu husema kitu, hata kama ni ujinga. Huyu alishusha macho, akaingia ndani na beseni lake, na wapangaji wakalitazama hilo nalo.

Jambo lenyewe lisingeuma sana kama si kadi.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imetoa tangazo: kuanzia mwezi unaofuata, anayechonga funguo au kufungua milango ya watu bila kadi ya chama atanyang'anywa mashine. Fundi alikwisha lipa ada ya mafunzo, na kila mtu nyumbani alijua iliondoka na nini. Mtihani alifaulu. Kilichobaki ni kamati ya Jumamosi, na kamati hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Haikutaka mdhamini mwenye gari wala barua ya mkubwa. Ilimtaka mtu anayeishi na fundi nyumba moja, mke au mume, na kama hana basi mzazi au ndugu, asimame mbele ya wanachama aulizwe swali moja: je, fundi huyu amewahi kufungua kitu chako ulichokifunga, bila ruhusa yako? Akijibu ndiyo, fundi anarudi nyumbani na hasikilizwi tena mpaka mwaka mwingine. Waasisi wa chama walikuwa watu wa kushuku, na waliona kwamba anayechezea kufuli la nyumbani kwake hana sababu ya kuliheshimu la jirani.

Katibu aliwaeleza habari za swali hilo siku ya mwisho ya mafunzo. Wenzake wakacheka. Fundi naye alicheka, lakini jasho lilimtoka mgongoni.

Sababu ni kwamba alikuwa amelifungua sanduku la mkewe.

Mwalimu wa mafunzo aliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute kufuli asilolijua, alifungue bila ufunguo, kisha aje aeleze lilivyokuwa ndani. Fundi akatazama huku na huku. Kufuli la meza yake analijua, la sanduku la vifaa analijua. Likabaki moja, kufuli dogo la sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, la mama watoto. Ilikuwa Jumapili, mke alikuwa amekwenda sokoni, watoto walikuwa nje wakicheza. Akajiambia nafungua nafunga, wala sitazami. Akachukua viwaya vyake, akapiga magoti, akalisikiliza kwa vidole kama alivyofundishwa, na likatii upesi. Furaha ikampanda. Kifuniko akakiinua kidogo tu.

Juu kabisa kulikuwa na blauzi nyeupe zisizo na vifungo, zenye alama za chaki. Na juu ya blauzi ufunguo. Fundi wa funguo hahitaji kuambiwa. Aliuchonga yeye mwenyewe kwa mkono wake, Mama Pindo alipoomba wa akiba. Akaufunika tena upesi. Alijiuliza mkewe anafanya nini na ufunguo wa karakana ya watu na nguo ambazo si zake, na hakupata la kujijibu, na kuuliza hawezi, maana atamuulizaje bila kusema alivyojua?

Lakini sikia alichokifanya mtu huyu kabla hajafunga. Kufuli lilikuwa kavu, linasaga. Mafunzoni walisema kufuli kavu usilitie mafuta, mafuta yanaokota vumbi. Lipulizie unga wa risasi ya penseli. Mkono wa fundi haukuweza kuliacha kufuli linasaga. Akakwangua penseli ya mtoto, akapuliza unga ndani, akazungusha mpaka likalainika, ndipo akalifunga akaridhika. Mwizi mwingine yeyote duniani angeliacha vile vile alivyolikuta.

Jioni ile mke alipotia ufunguo wake kwenye kufuli lililokuwa likimsumbua miaka yote, lilizunguka kama limepakwa siagi. Akashangaa. Alipotoa blauzi ya kwanza, kola ikabaki na alama ya kidole, nyeusi, ya kidole chake mwenyewe kilichogusa unga wa kufuli. Aliisugua kola ya mteja mpaka kitambaa kikataka kutoboka. Alijua hapo hapo nani alikuwa amepiga magoti kando ya kile kitanda.

Naye hakuuliza. Angeulizaje? Sandukuni mlikuwa na siri yake.

Kwa miaka mingi alikuwa akifanya usafi kwenye jengo la maofisi, na funguo za vyumba vyote alikabidhiwa yeye. Kosa lake lilikuwa kujisifia mume. Alimwambia bosi wake kwa furaha kwamba mume wangu yuko mafunzoni, chama kitampa kadi, anajua sasa kufungua hata milango ya chuma. Bosi akacheka, akamsifu. Baada ya siku chache akamwita.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Lakini wewe unashika funguo zangu, na mumeo anajifunza kufungua bila funguo. Sasa mimi nitalalaje?"

Akarudi nyumbani na sare yake kwenye mfuko. Angemwambia mume, mume angeyaacha mafunzo siku hiyo hiyo, tena kwa hasira, na ada imekwisha kuliwa. Kwa hiyo akanyamaza. Kila asubuhi aliendelea kuaga anakwenda kazini, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa Mama Pindo kupinda suruali na kushona vifungo. Mama Pindo alimpa ufunguo wa akiba ili afike mapema, wapangaji wengine hawajaamka. Nguo za vifungo alikuja nazo nyumbani, akazifungia sandukuni.

Na sasa mashine imeibwa, kitasa hakikuvunjwa, na ufunguo ulikuwa kwenye sanduku ambalo mume wake alikwisha lifungua. Mke hakuwa mjinga. Alijumlisha mwenyewe.

Mume naye alijumlisha. Mke wangu ana ufunguo wa Mama Pindo, ananificha, nimeona vitambaa vya watu kwa macho yangu. Leo vitambaa vya watu vimeibwa.

Kwa hiyo walikula chakula cha jioni wakitazamana vidole. Bibi, mama mzazi wa Fundi, aliyekuwa akiishi nao na ambaye hakuna kilichompita isipokuwa usingizi, aliwatazama wote wawili, akamsubiri mkwewe atoke na vyombo.

"Mwanangu," alisema, "mkeo sare yake ya kazi anaivalia wapi siku hizi?"

"Kazini, mama."

"Aivalie kazini, aivulie kazini, na pasi haigusi? Sare gani hiyo isiyochafuka?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi nimeuliza tu. Nimezeeka, naruhusiwa kuuliza."

Kesho yake mke alikwenda kwa Mama Pindo na kupiga hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi na yeye alizoea kuingia tu. Chumba kilionekana kikubwa. Pale ilipokuwa ovaloki kulibaki nafasi yenye vumbi la nyuzi, na Mama Pindo alikuwa hajaifagia.

"Nimeleta blauzi."

"Weka hapo."

Mama Pindo alizihesabu. Hakuwahi kuzihesabu hata siku moja. Alihesabu blauzi, akahesabu na vifungo kwenye kila blauzi, na mke wa Fundi alisimama akimngoja amalize, uso ukimuwaka.

"Na ufunguo wangu?"

Akaufungua kwenye ncha ya khanga, akauweka mezani.

"Ulikuwa ukilala wapi ufunguo huu?"

"Kwangu."

"Kwako ni kukubwa, mwenzangu. Kwako kuna mumeo."

"Ulikuwa kwenye sanduku langu. Nimelifunga kwa kufuli."

Mama Pindo akacheka kidogo bila furaha. "Kufuli. Kwenye nyumba ya yule."

Alichokisikia mke ndicho alichokuwa akijiambia usiku kucha.

"Mimi nina wateja," Mama Pindo aliendelea. "Kuna mama anataka nguo ya harusi ya bintiye, nitamwambia nini? Polisi nikiwaita, wateja watahamia kwingine, watasema pale kwa Mama Pindo kuna mambo. Basi nakwenda chamani kwenu Jumamosi. Nitawaambia ninachokijua. Na ninachokijua ni kwamba ufunguo wa pili ulikuwa kwako."

"Mume wangu hajui kwamba nafanya kazi hapa."

"Hajui?" Mama Pindo alimtazama muda mrefu. "Nyinyi watu mnaishije?"

Ukumbi wa chama ulikuwa chumba kirefu juu ya ghala la rangi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka kooni. Ukutani walikuwa wametundika vitasa vilivyopasuliwa katikati ili wanafunzi waone vijiti vya ndani. Viti vilipangwa kwa safu, na mafundi walikaa na wake zao na waume zao, wote wamevaa vizuri, wote wanacheka kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Kila aliyeitwa alisimama, mwenzake akaulizwa, akajibu hajawahi, watu wakapiga makofi. Ilikuwa kama kufunga ndoa mara ya pili, ila mbele ya watu wenye bisibisi.

Mama Pindo alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani.

Jina la Fundi lilipoitwa, Katibu hakuanza na swali. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso alipotaka kuona vizuri.

"Huyu tuna jambo lake kidogo," alisema. "Kuna mama hapa ameibiwa, jirani yake. Chama kilituma mtu akakifungua kitasa cha huyo mama. Vijiti vya ndani ni visafi, havina mkwaruzo hata mmoja. Hakikuchokonolewa. Kilifunguliwa kwa ufunguo."

Fundi akashusha pumzi. Watu wakanong'ona kwa wema. Angekuwa na bahati, mambo yangeishia hapo.

"Mama, funguo zako ni ngapi?" Katibu aliuliza.

"Mbili," Mama Pindo alijibu akiwa amesimama. "Mmoja haujatoka kwenye mkoba huu. Wa pili nilimpa mke wa huyo. Ananisaidia kushona tangu alipofukuzwa kazi."

Fundi akageuka kumtazama mkewe. Ukumbi wote uliona kwamba mume alikuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza, na hiyo nayo ikawa sehemu ya kesi.

Katibu alikohoa, akamgeukia mke. "Mama, sogea mbele. Ni kweli?"

"Ni kweli," mke alijibu.

"Huo ufunguo uliuweka wapi?"

"Kwenye sanduku langu."

"Lina kufuli?"

"Lina."

"Basi swali letu leo lina uzito kuliko siku nyingine, na mimi sitaki ujibu kwa haraka." Katibu aliishusha miwani. "Mumeo amewahi kulifungua sanduku hilo, au kitu chochote ulichokifunga, bila ruhusa yako?"

Mke wa Fundi alitazama mikono yake. Aliiona tena kola nyeupe na alama nyeusi. Aliamini kabisa, kama anavyoamini kwamba ana watoto wawili, kwamba mume wake aliuona ufunguo ule, akauchukua, akaenda, akarudisha. Akisema ndiyo, hakuna kadi. Tena haitakuwa kadi tu. Mafundi hawa watamshika pale pale, na ofisi ya mtaa itaichukua mashine. Kazi yake yeye imekwisha kufa. Nyumba nzima sasa ilikuwa inakula kwenye mashine ile ya kuchonga funguo. Akisema hapana, basi ufunguo ulikuwa mikononi mwake peke yake, na kila aliye humu ndani ataondoka akijua mwizi ni nani.

Aliliona hilo vizuri. Hakuna atakayesema baadaye kwamba hakuliona.

"Hajawahi," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa safu ya mbele alivuta mkoba wake kutoka sakafuni, akaupakata.

Fundi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mkewe. Alijua amefungua. Alijua kwamba neno moja lake lingewafanya watu wawatazame wote wawili badala ya mmoja. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akawaza kwamba mke huyu amemficha kazi, amemficha ufunguo, amemficha vitambaa, na sasa, ingawa kufuli lililolainika lilikwisha kumwambia, anasema uongo kavu kavu mbele ya watu ili sanduku lake lisizungumzwe. Akasema moyoni, kadi itoke kwanza, mengine tutayamaliza nyumbani. Akaufunga mdomo.

"Kanuni inamuuliza fundi," Katibu alisema hatimaye, bila kumtazama mke. "Mke si mwanachama wetu. Mambo yake ni ya mahali pengine."

"Kwa hiyo mnampa?" Mama Pindo aliuliza kutoka nyuma.

"Hatuna sababu ya kumnyima, mama."

Wakampa. Fundi aliipokea kadi kwa mikono miwili, na fundi mzee mmoja akamshika bega akamwambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha: "Pole, ndugu yangu. Hata wake nao siku hizi ni wa kufungiwa." Fundi akaitika kwa kichwa. Mke alisikia, na aliona kichwa kikiitika.

Siku zilizofuata mke hakutoka. Alipokwenda bombani, ndoo zilizokuwa zimeachwa kwenye foleni zilipata wenyewe ghafla. Mpangaji mmoja alinunua kufuli jipya akalifunga mlangoni mwake mchana kweupe, akilijaribu mara nyingi ili lisikike. Watoto walirudi kutoka shule na kuuliza mama ameiba nini. Bibi aliwaambia ameiba usingizi wangu, nendeni mkanawe mikono, na tangu siku hiyo hakutaja tena habari za sare.

Fundi na mkewe walizungumza mambo ya chumvi na mafuta ya taa. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake akiri. Biashara ilikuwa nzuri mno. Kadi ilikuwa imetundikwa juu ya mashine, na watu waliisoma, wakampa funguo za majumba yao, wakaenda sokoni wakarudi kuzichukua.

Mama Pindo alimfuata pale pale kwenye meza yake, mchana, na mkewe alikuwepo, amemletea chakula.

"Nataka kitasa kipya, Fundi," alisema.

"Kile kibovu?"

"Kizima. Ndilo tatizo lake." Akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Ovaloki imepatikana. Yule mshona viatu aliyekuwa akikaa chumba kile kabla yangu, alikwenda kuiuza kwa fundi mwenzangu, na mwenzangu anaijua mashine yangu, amewahi kuiazima. Kumkamata wamemkuta na ufunguo. Alijichongea wa kwake kabla ya kuhama. Mwenye nyumba aliniapia kwamba funguo zote zimerudi, na mimi nikaamini, nikahamia na kitasa cha mtu."

 Mashine ya kuchonga ilikuwa bado inazunguka bila ufunguo ndani yake. Fundi akaizima.

Mama Pindo alilipia kitasa bila kuomba kupunguziwa, na kwa mtu kama yeye huko ndiko kuomba radhi. Kisha akamgeukia mke. "Zipo suruali nyingi zinangoja, mwenzangu. Ukitaka kuja."

"Nitakuja," mke alijibu. "Lakini ufunguo usinipe. Nitakuja ukishafungua."

Mama Pindo aliinamisha kichwa, akachukua kitasa chake, akaenda.

Jioni Bibi aliwaita watoto uani, akawaambia wakae naye huko mpaka awaruhusu. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. Mke alikuwa kwenye mkeka, suruali ya mtu mapajani, sindano mkononi.

"Ulijua nimefungua," Fundi alisema.

"Nilijua."

"Na ukadhani ni mimi niliyeiba."

"Nilidhani."

Fundi akatikisa kichwa, na kitu kama furaha kikampita usoni. "Ukasimama mbele ya watu wote wale ukanikinga. Mke wangu, mimi sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu. Sikukukinga wewe." Alivuta uzi. "Niliikinga mashine. Watoto wanakula kwenye mashine. Wewe nilikuwa nimekwisha kukuona mwizi, nikawa nafikiria nitaishije na mwizi."

Ile furaha ikaondoka. Fundi akajikuna goti, akatazama mlango.

"Na wewe?" mke aliuliza.

"Mimi nini?"

"Uliposikia nasema hujafungua, ulijua umefungua. Na uliona watu wanavyonigeukia. Yule mama alivuta mkoba wake, uliona. Kwa nini hukusema?"

Alikuwa na majibu aliyoyaandaa siku zote hizo. Kwamba alishtuka. Kwamba Katibu aliwahi kuzungumza. Yote aliyapitia kimoyomoyo na yote yalinuka.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa sababu mimi ni mwizi."

"Nilinyamaza kwa sababu kadi ilikuwa pale mezani."

Sindano ilisimama. Hilo angalau lilikuwa kweli, na mke alilipokea kama kweli inavyopokewa, bila shukrani. Machozi yalimjaa na hakuyaficha, na hakuyafuta pia. Fundi alitaka kushuka pale mkekani, lakini hakujua kama anaruhusiwa, akabaki ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe kama mgeni.

"Ile kadi ni ya mwaka mmoja," Fundi alisema. "Ikiisha wanaita upya. Utaitwa na wewe."

"Nimesoma."

"Swali ni lile lile."

"Nimesoma, baba watoto."

"Utawaambia nini?"

Mke aliushika uzi kwa meno, akaukata. Akaitandaza pindo juu ya goti, akaitazama kama imenyooka, akaikunja suruali ya mtu vizuri.

"Mwaka ndiyo kwanza unaanza," alisema. "Nitawaambia nitakachokiona."